Riwaya za fantasia zenye damu: ipi ununue kwanza, ipi ingoje

Fumo Liyongo aliuawa kwa sindano ya shaba, pigo moja la kitovuni, kwa mkono wa mwanawe mwenyewe. Utenzi haukai sana kwenye damu. Unakaa kwenye yaliyofuata: shujaa amepiga goti kisimani, mshale umo upindeni, na mji mzima unashinda na kiu kwa sababu hakuna anayethubutu kuteka maji mbele ya mtu ambaye hawajui kwamba amekwisha kukata roho. Jeraha ni moja, lakini kila mwenye mtungi limemfika.

Kwa kipimo hicho ndivyo tulivyozipanga riwaya zilizo hapa chini. Hatukuhesabu maiti. Tulitazama kama jeraha la ukurasa wa 40 bado linauma ukurasa wa 400, kama kifo cha mtu mmoja kinawabadilisha waliobaki, na kama mwandishi anajua wakati wa kufunga mlango ili msomaji asione yaliyomo chumbani. Riwaya inayofaulu hapo inastahili fedha yako hata ikitisha. Inayoshindwa huchosha upesi, maana maiti wa kumi hashtui kama wa kwanza.

Unachonunua hasa

Fantasia ya giza ni hadithi ya ulimwengu wa kubuni, wenye uchawi, falme na panga, lakini usiokuahidi kwamba mwema atashinda. Ukitafuta kwenye maduka ya mtandaoni, neno litakalokuletea vitabu vyenyewe ni grimdark. Lilitokana na kaulimbiu ya Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya mezani uliotolewa Uingereza mwaka 1987, kisha likahamia kwenye riwaya. Nakala tunazozizungumzia ni za Kiingereza, kwa hiyo ugumu wa lugha nao tumeutia kwenye hesabu.

Mvuto wa vitabu hivi ni wa kweli. Hujui nani atafika mwisho, na wasiwasi huo hukufanya usome kila sentensi kwa makini. Vita vinakuja na tope lake, kuhara kwake, vidonda vinavyooza na askari asiyejua anampigania nani. Mtu mwovu ana sababu zake, na mtu anayetenda jema analipia jema hilo. Msomaji aliyechoka na mvulana wa shamba anayetabiriwa ufalme hupata hapa watu wazima wenye madeni, hofu na aibu.

Kasoro zake nazo lazima zijulikane kabla ya kulipa. Ya kwanza ni ganzi: mwandishi akipandisha ukatili kila sura, msomaji anaacha kuhisi. Ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni ubakaji unaotumiwa kama njia ya mkato, mwanamke anaumizwa ili mwanamume apate hasira ya kuanza safari, kisha mwanamke mwenyewe hatajwi tena. Ukikutana na hilo ndani ya kurasa 50 za mwanzo, mara nyingi litarudi. Ya tatu ni kukata tamaa kunakogeuzwa pambo. Kila mhusika akiwa mwovu hakuna cha kupotea, na pasipo na cha kupotea hakuna hofu.

1. The Blade Itself, Joe Abercrombie (2006)

Kwa wasomaji wengi hiki ndicho cha kuanza nacho. Kina kurasa zaidi ya 500 na ni cha kwanza katika utatu wa The First Law, uliokamilika kwa Before They Are Hanged (2007) na Last Argument of Kings (2008). Hadithi imekwisha, hutabaki ukisubiri.

Sababu kubwa ya kukiweka juu ni mhusika mmoja, Sand dan Glokta. Alikuwa bingwa wa upanga, akatekwa vitani, akateswa kwa miaka miwili, akarudi nyumbani kilema, na sasa kazi yake ni kuwatesa wengine kwa niaba ya serikali. Abercrombie hakuyaacha mateso yale yabaki habari za zamani. Kila ngazi ni adui wa Glokta. Kuamka kitandani ni kazi. Meno yake yaling'olewa kwa mpangilio wa kumzuia kutafuna, ya upande huu juu, ya upande ule chini, kwa hiyo anakula vyakula laini. Kila anapomfunga mtu kwenye kiti, msomaji anaujua mwili wa mtesaji kuliko wa mteswaji, na anajikuta anamhurumia mtu ambaye hapaswi kuhurumiwa. Hiyo ni kazi ngumu ya uandishi, na ndiyo inayotenganisha kitabu hiki na vingi vilivyokiiga.

Yupo pia Logen Ninefingers, mpiganaji wa Kaskazini anayetamani kuacha kuua na hawezi, na Jezal dan Luthar, kijana wa kitajiri anayejipenda. Mapigano ni mafupi, ya karibu, na yanaacha makovu.

Kasoro: kitabu cha kwanza kinakusanya watu tu, na anayetaka kisa kifungwe ukurasa wa mwisho atakasirika. Wanawake ni wachache na hawakupewa nafasi ya kutosha. Mwandishi alirekebisha hilo baadaye katika Best Served Cold (2009), ambamo Monza Murcatto anawasaka waliomsaliti. Chumba cha mahojiano kinakuja mapema, katika sura ya kwanza kabisa ya Glokta. Hiyo ni bahati kwa mnunuzi: pakua sampuli ya bure, soma mpaka sura hiyo, na kama imekushinda usinunue, kwa sababu baadaye hakulegei.

Ukipenda kusikiliza, kitabu cha sauti kinachosomwa na Steven Pacey kinachukua kama saa 22. Pacey anampa kila mhusika sauti na lafudhi yake, jambo linalomsaidia sana anayepotea kwenye majina.

2. The Black Company, Glen Cook (1984)

Hiki ni cha msomaji anayetaka giza bila kuoga damu. Msimulizi ni Croaker, daktari wa kikosi cha mamluki ambaye pia ndiye mwandishi wa kumbukumbu za kikosi. Kikosi kimeajiriwa na upande ambao kila mtu anaujua ni mbaya. Croaker anaona mabaya yote, lakini mengi anayapita kwa sentensi moja kavu, na mengine anakataa kuyaandika. Anaposhona vidonda usiku baada ya vita, unaelewa ukubwa wa vita vyenyewe pasipo kuonyeshwa kila panga.

Kurasa ni 300 na ushei, sentensi fupi, Kiingereza si kigumu. Ugumu uko kwingine: Cook haelezi mandhari. Majina ya miji na wachawi yanamwagwa haraka, na sura ya kwanza, katika mji wa Beryl, humpoteza msomaji mpya. Vumilia kurasa 60, andika majina kwenye karatasi, kisha itatulia. Usinunue kitabu kimoja kimoja kama unaweza kupata Chronicles of the Black Company ya 2007, iliyounganisha riwaya tatu za mwanzo katika juzuu moja. Bei hushuka sana kwa kila riwaya, ingawa juzuu ni zito kulishika kitandani.

3. Between Two Fires, Christopher Buehlman (2012)

Kitabu kimoja, kisa kimoja, hakuna mfululizo. Ni Ufaransa mwaka 1348, tauni inafyeka vijiji, na askari farasi aliyepoteza heshima yake anasafiri na msichana anayesema anaongea na malaika. Mashetani wameingia duniani kwa sababu mbingu imenyamaza.

Vitisho vyake ni vya mwili kweli: viumbe wa mtoni, maiti wanaoinuka, sanamu zinazotembea. Lakini kisa kinauliza swali ambalo msomaji aliyekulia msikitini au kanisani analijua vizuri, kwamba mtu afanye nini anapoomba na hajibiwi. Kinaelekea kwenye rehema, na rehema hiyo imelipiwa. Tahadhari ni mbili. Sura ya kwanza ina tishio la ubakaji, ingawa halitimii. Na mwenye imani anayechukizwa na ibada kuchezewa atakuta kurasa zitakazomuudhi.

4. The Poppy War, R. F. Kuang (2018)

Hapa sampuli ya bure inadanganya, na ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Sampuli huwa takriban asilimia 10 ya kitabu, na asilimia 10 ya kitabu hiki ni msichana yatima anayesoma usiku kucha apate nafasi katika chuo cha kijeshi. Ni hadithi ya shule, inayovutia, yenye mitihani na walimu wakali. Mzazi akiishia hapo ataona kinamfaa mtoto wa miaka 13. Hakimfai. Nusu ya pili ni vita, na sura ya 21 inaonyesha mji uliochinjwa, ikifuata kwa karibu yaliyotendeka Nanjing, China, kuanzia Desemba 1937. Kuna watoto wachanga, kuna wanawake waliotumikishwa, na hakuna kinachofichwa.

Kuang hakuyabuni hayo ili kusisimua. Ni historia iliyovishwa nguo za fantasia, na yanayofuata katika vitabu viwili vingine, The Dragon Republic (2019) na The Burning God (2020), yanaonyesha jinsi aliyetendewa unyama anavyojifunza unyama. Kwa kipimo chetu cha jeraha lenye kesho, utatu huu ungeweza kuwa wa kwanza. Umeshushwa kwa sababu lugha ya wahusika wakati mwingine ni ya vijana wa leo, na kwa sababu sura ile haimfai kila mtu. Msomaji aliyepoteza jamaa katika mauaji ya halaiki, na katika nchi za Maziwa Makuu wapo wengi, anaweza kuiruka sura ya 21 nzima na bado akafuata kisa, kwa kuwa waliobaki hai wanayataja yaliyotokea kwa ufupi baadaye.

5. Who Fears Death, Nnedi Okorafor (2010)

Sudan ya siku zijazo, jangwa, uchawi, mabaki ya kompyuta, na binti aliyezaliwa kwa ubakaji wa kivita. Kilishinda tuzo ya World Fantasy mwaka 2011. Jina la shujaa, Onyesonwu, ni la Kiigbo, na maana yake ndiyo jina la kitabu. Ukeketaji wa wasichana wa miaka 11 umeelezwa waziwazi, pamoja na sababu zinazowafanya wasichana wenyewe waukubali, na madhara yanawafuata hadi utu uzima. Katika orodha hii yote, hapa ndipo ukatili dhidi ya wanawake unapotazamwa kwa macho ya walioumizwa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kiingereza chake ni chepesi kuliko vyote. Katikati, safari ya jangwani inalegea kwa ugomvi wa vijana, kama kurasa 80 hivi.

6. Black Leopard, Red Wolf, Marlon James (2019)

Mjamaika huyu alishinda tuzo ya Booker mwaka 2015, kisha akaandika fantasia iliyojengwa juu ya visasili vya Afrika. Tracker, mwenye pua inayofuata harufu ya mtu popote aendapo, anasimulia akiwa kifungoni jinsi alivyomtafuta mtoto aliyepotea. Viumbe vyake vinatisha kwa namna ambayo mazimwi ya Ulaya hayawezi: Sasabonsam, zimwi la Waakan wa Afrika Magharibi, anaruka, wengine wanatembea darini vichwa chini.

Ni kitabu kikubwa kwa maana zote, lakini kinamshinda mnunuzi kwa njia tatu. Kina zaidi ya kurasa 600. Masimulizi yanazunguka, msimulizi anadanganya, na majibizano hayaonyeshi kila mara nani anasema. Na ubakaji pamoja na vifo vya watoto vimetapakaa kiasi kwamba ganzi inaingia. Soma kurasa 30 kwa sauti. Masikio huelewa pale macho yanapokwama. Ukishindwa, jaribu cha pili, Moon Witch, Spider King (2022), ambamo mwanamke Sogolon anasimulia upande wake. Kinasomeka hata bila cha kwanza, na mtiririko wake umenyooka zaidi.

7. A Game of Thrones, George R. R. Martin (1996)

Kwa ubora kingekuwa cha pili. Kipo hapa kwa sababu hununui kisa kilichokamilika: cha tano kilitoka 2011 na cha sita bado hakijatoka. Tamthilia ya televisheni ilimaliza 2019 kwa njia yake yenyewe, na mwisho wake si lazima uwe mwisho wa vitabu. Watoto ni wadogo kuliko ulivyowaona kwenye skrini; Daenerys anaolewa akiwa na miaka 13, na hilo wengine hawalivumilii.

Mtego wa dukani: nakala za jalada jepesi za Uingereza hukigawa cha tatu, A Storm of Swords, kuwa viwili, Steel and Snow na Blood and Gold, na cha tano vivyo hivyo. Kwa hiyo vitabu vitano vinakuwa juzuu saba. Ukinunua nakala ya Kimarekani ya cha pili kisha ya Uingereza ya cha tatu, hakikisha umepata nusu zote mbili. Juzuu saba pamoja huzidi kilo 2, na gharama ya usafirishaji ihesabiwe hivyo.

8. Prince of Thorns, Mark Lawrence (2011)

Kurasa 400 hivi, kinakwenda kasi, utatu umekamilika 2013. Msimulizi ni Jorg, mwana wa mfalme mwenye umri wa utineja anayeongoza genge la wauaji, na kitabu kinafunguka kijijini baada ya mauaji, ubakaji ukitajwa kama jambo la kawaida. Lawrence anaandika sentensi kali za kupendeza, na vitabu viwili vinavyofuata vinamlipisha Jorg aliyoyafanya. Lakini katika hiki cha kwanza waliodhuriwa hawana majina. Nunua kama umeshasoma viwili vya juu ukataka kikali zaidi, si kabla.

Malazan Book of the Fallen ya Steven Erikson hatukuipa nafasi. Juzuu 10, 1999 hadi 2011, kazi ya ajabu, na Deadhouse Gates (2000), chenye safari ya wakimbizi wakisindikizwa na jeshi linalopukutika, kina huzuni kuliko chochote hapo juu. Ila cha kwanza, Gardens of the Moon, hakielezi kitu, na mgeni wa aina hii ya riwaya kwa kawaida huacha njiani akiwa ameshalipia seti.

Kulipa na kupokea

Nunua kitabu kimoja, kamwe si seti, hadi umemaliza cha kwanza. Kwa kurasa 30 kwa siku, kitabu cha kurasa 500 kinachukua siku 17, muda wa kutosha kuagiza cha pili kabla hujamaliza.

Karatasi au simu? Nakala ya kidijitali ni rahisi kwa vitabu vinene, na unaweza kutafuta jina la mhusika uliyemsahau, faida kubwa kwa Cook na James. Kadi pepe ya Visa ya M-Pesa inalipia maduka mengi ya nje. Lakini faili huwa limefungwa: huwezi kumwazima ndugu yako wala kuliuza ukichukia. Kwa Abercrombie na Lawrence, ambavyo watu huvigombania, karatasi ina thamani ya kuuza tena. Kwa vitabu vya karatasi uliza vipimo: jalada jepesi dogo ni kama sentimita 11 kwa 18 na herufi zake ni ndogo mno kwa kitabu cha kurasa 800, lile la 13 kwa 20 ni la kupendelea.

Zawadi kwa kijana ni swali tofauti. Joka kwenye jalada halimaanishi kitabu cha watoto. Chini ya miaka 16, katika orodha hii tungempa The Black Company pekee, na mtu mzima akisome kwanza.

Kwenye meza za mitumba, Nairobi au Dar es Salaam, utakuta Martin kwa wingi, nakala halali zilizotumika zikichanganyika na zilizochapwa kwa wizi. Nakala ya wizi huijua hivi: picha ya jalada ina ukungu kama ya fotokopi, mistari imepinda ukingoni, ramani ya mwanzo haisomeki, na gundi ya mgongo inapasuka ukikifungua katikati. Ramani ndiyo ya kutazama kwanza, kwa sababu vitabu hivi vinakurudisha kwenye ramani mara nyingi. Kisha fuata namba za kurasa kwa haraka kutoka mwanzo hadi mwisho. Fungu la kurasa 16 au 32 linaweza kukosekana zima. Na usihukumu mwisho kwa unene uliobaki mkononi: matoleo mengi huweka nyuma sura ya kwanza ya kitabu kinachofuata, hivyo kisa chenyewe huisha kurasa 10 au 20 kabla ya jalada.